Faida ya unga wa muhogo huanzia kwenye chandarua

UKITOKA Nyakanazi kuelekea Kigoma, barabara inapita katika vilima vya Kakonko, Kibondo, kisha Kasulu. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watu husalimiana “mwakeye” wakiwa wamejifunika vitenge kwa baridi.

Kiangazi, muhogo mweupe huanikwa kwenye mikeka, mawe na maturubai. Biashara hii ni ya familia: baba na mama wanalima, mama anamenya na kuloweka, watoto wanachota maji. Kwa kuwa hakuna anayepokea mshahara, nguvu kazi huonekana kama ni ya bure. Gharama yake hujitokeza siku mtu anapougua.

Muhogo uliotoka majini hausubiri. Usipoanikwa kwa wakati, unaota ukungu na bei inashuka. Mama akilazwa na mtoto siku tatu, mzigo wote unaweza kuharibika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Kwa hiyo chandarua, na kumwahisha mtoto mwenye homa kupimwa, ni sehemu ya mtaji.

Jambo la pili ni haraka. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, ndiyo maana wazee huuloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha huukausha vizuri juani. Anayepunguza siku ili awahi gulio anahatarisha wateja na watoto wake. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, watu waliokula muhogo usioandaliwa vizuri walipata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Ugonjwa huo hufuata pia mlo usio na protini, kwani mwili huihitaji kuondoa sumu hiyo. Kibondo na Kasulu hulima maharage kwa wingi, na gunia la maharage huleta fedha upesi. Lakini familia ikiuza yote na kubaki na ugali na mboga za majani, faida ya sokoni imetoka kwenye sahani ya mtoto.

Mzazi mwenye biashara ya nyumbani aanze na daftari. Aandike mauzo, gharama ya kusaga na usafiri, pamoja na siku zilizopotea kwa ugonjwa au mtoto kukosa shule akichota maji. Kisha baba na mama wakae pamoja, watenge maharage ya kula kabla mnunuzi hajafika, na fedha ya mtaji iwekwe mbali na ya matumizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mnunuzi naye aje, lakini watoto wawe wameshiba.