Bei Iliyofutika

Katikati ya mji wa Dar es Salaam ipo Kariakoo, mahali pa biashara ambapo jina lake latokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914–1918. Njia zake nyingi zimenyoka, nazo hukatana kama mistari ya daftari la hesabu.

Siku moja mtoto wa shule aliachiwa na shangazi yake meza ya maembe na nazi. Akaja mama lishe aliyekuwa ametanguliza Sh. 12,000 ili achukue bidhaa kidogo kidogo. Alikwisha kuchukua maembe 9 na nazi 5.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie, fedha yangu imebaki kiasi gani?"

Mtoto akafungua daftari. Bei ya embe ilisomeka, Sh. 500, lakini bei ya nazi ilikuwa imefutwa na maji. Jirani akamnong'oneza, "Andika Sh. 2,000, ndiyo bei ya leo." Mtoto akapiga hesabu, akaona kwamba kwa bei hiyo yule mama atadaiwa Sh. 2,500. Moyo wake ukasita, kwa maana mapatano hufanywa na watu wawili, wala hayabadilishwi na mmoja.

Chini ya ukurasa shangazi alikuwa ameandika: "Fedha hii yatosha nazi tupu 8." Ndipo mtoto alipokumbuka somo la mistari, elimu ambayo René Descartes wa Ufaransa aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1637. Akaiita idadi ya maembe x, idadi ya nazi y, na bei ya nazi k, akaandika:

500x + ky = 12,000

Mlinganyo huu ni wa mstari ulionyoka. Mstari ukatapo mhimili wa x, y ni 0. Hapo ni maembe matupu, nayo ni 24. Ukatapo mhimili wa y, x ni 0. Hapo ni nazi tupu, nazo ni 8. Basi akaweka 0 mahali pa x, na 8 mahali pa y:

8k = 12,000
k = 1,500

Hakuridhika mpaka alipojaribu. Maembe 9 ni Sh. 4,500, nazi 5 ni Sh. 7,500, jumla Sh. 12,000 kamili.

"Mama, fedha yako imekwisha, wala hudaiwi kitu."

"Ndivyo nami nilivyodhani, mwanangu," akajibu, akaenda zake kwa amani.

Jioni shangazi aliporudi aliulizwa bei ya mapatano, akasema, "Sh. 1,500." Mtoto akaiandika upya kwa wino.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lile liliingia maji, lakini neno moja la kweli lililosalia lilitosha kulifufua lililopotea.

Nawe jaribu: kama shangazi angaliandika nazi tupu 6, k ingalikuwa ngapi? Je, jirani angalikuwa amesema kweli?