Kidumu cha Njano

Jumapili, 11 Februari 2024

Mvua tangu alfajiri. Mto Mbarali umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nikitoka kanisani nimekutana darajani na binti wa miaka minane, labda tisa, kabeba kidumu cha njano cha lita tatu. Katumwa kilabuni. "Shikamoo madam." Nikaitikia, nikapita. Nilipogeuka kumtazama alikuwa amefungua kifuniko, akapiga mafunda mawili, akafuta mdomo kwa gauni la Jumapili, akafunga na kuendelea na safari yake.

Ule ni ulanzi, na msimu wake ndio huu. Mianzi yenyewe haiko huku bondeni. Ulanzi unateremshwa kutoka milima ya Njombe na Iringa, kwenye madumu, juu ya malori na ndani ya mabasi. Kwa bibi yangu nilikuwa nauona unavyogemwa: mgemaji anakata ncha ya chipukizi, anategesha mbeta ya kukingia, anarudi asubuhi na jioni kukata tena. Unaotoka mpya ni mtogwa, mtamu, mtoto anaupenda kuliko soda, na akina mama wanampa bila wasiwasi wowote. Ukilala unakuwa mkangafu, na mkangafu unamlaza mtu mzima. Mwanzi ni ule ule na kidumu ni kile kile. Hakuna anayemwambia mtoto ni saa ngapi kinywaji chake kimegeuka pombe.

Na mimi nilitumwa. Nilikuwa nikimletea babu. Sikumbuki hata siku moja mtu akiniuliza kama nimeonja.

Jumamosi, 17 Februari

Dada kanipigia simu analia. Alikuwa anafua, akakuta msokoto wa bangi kwenye mfuko wa suruali ya shule ya mwanae. Umefungwa kwa karatasi ya daftari, mistari ya bluu inaonekana. Mtoto ana miaka 15, kidato cha pili. Nilipofika, shemeji alikuwa ameshavua mkanda. Nimemsihi aniachie kijana hadi kesho.

Jumapili, 18 Februari

Tumekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yangu, mimi na yeye tu. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza "nani kakufundisha". Nikaacha. Nikamwambia anieleze tangu mwanzo, sitamkatiza.

Ilianza likizo ya Desemba, shambani. Walikuwa wanalipwa vibarua, kwanza kupandikiza, kisha kuamia ndege kwenye mpunga uliotangulia. Kuamia ndege ni kazi ya kukaa juani kutwa nzima ukipiga kelele, unatoka gizani unarudi gizani. Vijana wakubwa wanavuta, wanasema inakata uvivu na inaondoa njaa. Siku ya kwanza alikohoa hadi akatapika. Wiki ya pili akawa anachangia hela. Pombe je? Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza alianza lini kula ugali. "Ulanzi nakunywa tangu mdogo, mama mdogo. Si ndio mimi nilikuwa naufuata?"

Akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Kanada si wameruhusu bangi? Mbona wao hawawi vichaa?" Nimefurahi kwamba kauliza. Nikamjibu ukweli wote ninaoujua. Ndiyo, Kanada waliruhusu mwaka 2018, lakini kwa mtu mzima; majimbo yao mengi yaliweka miaka 18 au 19, na anayempa mtoto anaweza kufungwa. Waliomruhusu baba ndio hao hao wanaomkataza mwana, kwa sababu ubongo unaendelea kujengeka hadi mtu akaribie miaka 25, na sehemu ya mwisho kukomaa ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Bangi ya mara kwa mara katika umri huo inashika kumbukumbu na umakini. Na wapo ambao inawafungulia ugonjwa wa akili, hasa kama kwenye ukoo upo.

Sikumwambia kila anayevuta anakuwa chizi. Amewaona wengi wanaovuta na wako timamu. Nikimdanganya kwa hilo, ataacha kuniamini na kwa mengine.

Kwenye ukoo wetu upo. Mjomba wetu. Hilo pia nimemwambia, na hapo ndipo alipoinamisha kichwa.

Ijumaa, 1 Machi

Leo imetimia miaka saba tangu viroba vya pombe vipigwe marufuku nchini, 1 Machi 2017. Wanafunzi wangu wa sasa wengi hawavikumbuki. Mimi navikumbuka sana. Mwaka 2016 nilikuwa nafagia vifuko vitupu nyuma ya vyoo vya shule, stendi vimetapakaa kama maganda ya karanga. Pombe kali kwa hela ya maandazi mawili matatu, inaingia ndani ya soksi, inanyweka kati ya kengele na kengele. Kenya walivikataza mwaka 2004, Uganda wakafuata 2019.

Watu husema katazo lile halikusaidia kwa sababu chupa ndogo zilikuja baadaye. Nakataa. Chupa haikai kwenye soksi, na hela yake haitoki kwenye mfuko wa mtoto wa kidato cha kwanza kirahisi hivyo. Nilichokuwa nafagia kila Ijumaa sikukifagia tena. Ukubwa wa kifungashio na bei vilifanya kazi ambayo hotuba zetu zote asubuhi mstarini hazikuifanya.

Lakini kidumu hakikuguswa na katazo lile, maana mtoto hakinunui. Hela anapewa na baba yake.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao cha nidhamu. Wavulana watatu wamekutwa wamelewa komoni saa nne asubuhi. Uamuzi: fimbo na kusimamishwa wiki mbili. Nimepinga kusimamishwa, nimeshindwa. Wiki mbili mtoto anakwenda wapi? Wazazi wako shambani. Atakwenda kijiweni walikomfundisha, sasa kwa ruhusa yetu ya maandishi.

Pia limerudi pendekezo la kumwita yule kijana aliyeacha bangi aje atoe ushuhuda. Alikuja mwaka jana. Anaongea vizuri, ana moyo mwema na ninamheshimu kwa safari aliyopita. Lakini mapumziko yalipofika niliwakuta wavulana wanamuigiza alivyokuwa akivuta, na mmoja akasema: "Si ameacha na yuko poa?" Walichokibeba ni hicho. Kuna viwango vya kimataifa vya kinga, vilivyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya mwaka 2013 na kurudiwa pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, na vinasema hivyo hivyo: ushuhuda wa waliowahi kutumia na hotuba za mara moja za kutisha hazizuii. Kinachosaidia ni malezi ya mzazi anayejua mtoto yuko wapi, na masomo ya mfululizo ya stadi za maisha ambapo mtoto anafanya mazoezi ya kukataa kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeyasema kikaoni. Nimejibiwa kwamba hakuna vipindi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimesoma habari za Iceland na siwezi kulala.

Mwaka 1998, kati ya vijana wao wa miaka 15 na 16, asilimia 42 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka 17 hadi 7. Nimetafuta dawa waliyotumia. Hakuna dawa. Walitunga sheria ya saa za mtoto kuwa nyumbani: majira ya baridi, wa miaka 13 hadi 16 mwisho saa nne usiku. Wazazi walitia saini makubaliano shuleni na wakawa wanapita mitaani jioni, zamu kwa zamu. Serikali za mitaa zikaweka hela kwenye mpira, muziki na michezo ya jioni. Na kila mwaka waliwauliza wanafunzi wenyewe, kila shule ikapata majibu yake.

Mpira wa ndani ya majumba yenye joto hatuna. Lakini saa tunazo. Wakati wa bibi yangu kuku wakiingia bandani na mtoto anaingia. Leo nimekaa na mwanangu (namwita mwanangu, ndivyo alivyo) tukaandika saa zake kwenye daftari. Shule inatoka saa tisa alasiri. Chakula cha jioni kwao ni saa tatu usiku. Saa sita nzima. Saa moja anachota maji. Zilizobaki tano: stendi kutazama malori ya Zambia na Kongo yakipumzika, kijiwe cha bodaboda, banda la video. Nikamuuliza katika sehemu zote hizo ni wapi haoni pombe wala bangi. Akafikiri muda mrefu, akasema: "Kwenye kuchota maji."

Kuanzia kesho saa kumi yuko uwanjani, saa kumi na mbili kwangu na daftari lake. Uwanja hauna nyavu, ila upo.

Jumamosi, 25 Mei

Mavuno. Mashine za kukoboa zinanguruma mchana kutwa, hela iko mikononi mwa kila mtu, pamoja na watoto waliobeba magunia. Vilabu vimejaa.

Amevuta tena. Mara mbili. Amekuja kuniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa watu. Sikumpigia kelele. Nilimuuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, alikuwa na shilingi ngapi mfukoni. Tumekubaliana hela ya vibarua aniwekee mimi siku ile ile anayolipwa. Kisha nikaingia jikoni nikalia, asinione.

Jumapili, 9 Juni

Nimeongea na shemeji. Nimeahirisha miezi minne kwa woga. Yeye ni mkubwa kwangu, na mwanaume huwa haambiwi na shemeji yake kuhusu kinywaji chake.

Nilianza na shikamoo na habari za mpunga. Kisha nikasema: "Shemeji, sijaja kukukataza kunywa. Nimekuja kukuomba jambo moja. Usimtume mtoto ulanzi. Sio huyu, sio wadogo zake. Ukiutaka, fuata mwenyewe." Alinyamaza. Akasema baba yake alimtuma yeye, na babu yake alimtuma baba yake, na wote walikufa watu wenye heshima zao. Nikamjibu ni kweli, na zama zile kilabuni hapakuwa na anayemuuzia mtoto msokoto mlangoni. Mtoto anatumwa ulanzi, anarudi amejua bei ya bangi. Akasema nimemvunjia heshima. Nikapiga magoti nikaomba radhi kwa namna nilivyosema, ila sikuondoa nilichosema.

Dada ananiambia jioni hii kachukua kidumu na kwenda mwenyewe. Karudi nacho nusu. Hakusema neno.

Jumatano, 26 Juni

Siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya. Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 1987. Mikoani kuna maandamano na fulana. Mimi nimeitumia kuzungukia vilabu vya hapa Igawa, mchana, kabla watu hawajajaa. Nimefika saba.

Sikwenda na mgambo. Nilibeba nakala ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inasema mtoto ni mtu yeyote chini ya miaka 18 na inakataza kumuuzia pombe. Ombi langu lilikuwa dogo: mtoto akija na kidumu, mwambieni akamwite aliyemtuma.

Mama mmoja alinikalisha kwenye benchi lake akaniambia jambo ambalo nimelibeba hadi nyumbani. "Madam, mimi nimesomesha watatu kwa ulanzi huu. Nikimrudisha mtoto, baba yake ananunua kwa jirani, na mimi nakosa mteja. Warudisheni wote kwa pamoja, mimi nitakuwa wa kwanza." Ana haki. Hawezi kubeba peke yake mzigo ambao kijiji kizima kimeutua mlangoni pake. Ndiyo maana lazima uwe uamuzi wa mkutano wa kijiji, wenye faini sawa kwa muuzaji na kwa mzazi aliyetuma. Hasa mzazi.

Wawili wamekubali. Watano hawajanijibu. Mtendaji ametupa nafasi kesho saa tatu asubuhi: wenye vilabu wawili, mimi, na shemeji, ambaye amesema atakuja na atazungumza mwenyewe.