Gari Lililoamini Liko Same

Kwa miaka miwili, kila jioni, Baba mdogo alilipandisha Hiace lake kwenye kimwinuko kando ya nyumba, akaligeuza litazame bondeni, akavuta hendibreki, akashuka na kuweka jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, mwanawe ambaye ndiye konda aliliondoa jiwe. Gari lilianza kuserereka, Baba mdogo akatia gia ya pili na kuachia klachi, injini ikakohoa moshi mweupe, ikawaka. Abiria walishazoea. Nami kila nilipokuja likizo nilizoea, nikacheka kidogo, nikapiga picha ya jiwe.

Julai iliyopita, siku ya Jumapili, nilikuwa nimekaa nyuma ya kiti cha dereva. Tulikuwa watu kumi na mmoja, magunia mawili ya tangawizi na ndoo ya maziwa. Jiwe likaondolewa. Gari likaserereka, klachi ikaachiwa, injini ikanguruma bila kuwaka. Akajaribu tena. Mara ya tatu tulikuwa tumeshaipita miti ya mwisho na mbele yetu barabara ilikuwa inakata kushoto. Upande wa kulia hakuna kitu, ni bonde tu. Alikanyaga breki, nikamwona akiinuka kwenye kiti kwa nguvu za mguu, kama mtu anayesukuma ukuta.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba breki haikuharibika. Breki za gari la namna hii husaidiwa na vakumu, na vakumu hutoka kwenye pampu iliyofungwa pamoja na oltaneta, inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, msaada uliobaki ni wa kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo una mguu wako tu. Usukani nao unakuwa mzito. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miaka miwili, tulikuwa tukianza safari kwa kuteremka mlima ndani ya gari lisilo na breki za kuaminika, tukiita hali hiyo "kulistua".

Baba mdogo alivuta hendibreki na kuligonganisha gari na ukingo wa udongo upande wa mlima. Maziwa yalitumwagikia miguuni. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alishuka, akafunga upya kanga yake, akasema kwa upole, "Baba, asante. Mimi nitatembea." Akaenda. Kutoka kwetu hadi Mwembe kwa miguu ni safari ya kweli, na mtoto alikuwa anapelekwa kliniki.

Baba mdogo alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akaniambia bila kunigeukia, "Ni hita hizi, mama. Hata zile ulizonitumia."

Zile nilizomtumia. Mwaka mmoja nyuma alinipigia simu nikiwa Dar es Salaam, akasema gari haliwaki asubuhi. Nilikuwa kwenye daladala, nina jasho, nina mtihani. Niliangalia kwenye simu dakika tano, nikamjibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma, "Baba, badilisha hita plagi." Alisema alishabadilisha. Nikasema basi alizonunua ni feki, nitamtafutia nzuri Kariakoo. Nikazinunua nne, nikazipandisha basi, nikajisikia mtoto mwema. Alinishukuru sana. Gari likaendelea kulala kwenye mteremko, wala sikuuliza tena.

Kwa asiyejua, injini ya petroli ina plagi ya kutoa cheche, ya dizeli haina. Dizeli huwashwa na hewa yenyewe. Hewa inagandamizwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, ndipo nozeli inapulizia dizeli na kuwaka. Injini ya Baba mdogo ni 3L ya Toyota, lita 2.8, silinda nne, nayo inagandamiza hewa zaidi ya mara 20. Lakini chuma kikiwa baridi kinainyang'anya hewa lile joto kabla halijafanya kazi. Ndiyo maana kila silinda ina hita plagi, kijiti cha chuma chembamba kama kalamu ambacho ncha yake inaiva nyekundu kwa sekunde kadhaa kabla hujapiga stata. Injini ikishawaka na kupata joto, haiwahitaji tena.

Siku ile ile, baada ya gari kuvutwa na kuwashwa, tuliteremka hadi Same kwa fundi. Same ni nchi nyingine. Iko chini ya mita 900, upande ambao milima imeuzuia mvua, ni vumbi na mkonge na jua. Sisi juu tuna migomba na ukungu, na msitu wa Shengena nyuma yetu unapanda zaidi ya mita 2,400. Fundi alipozungusha funguo, gari liliwaka kabla sijahesabu moja. Akazima, akawasha tena. "Dada, gari zima hili," akasema. Hakuwa akidanganya. Injini ilikuwa imetoka kuteremka mlima mzima, ina moto wa kuchemsha chai.

Hapo ndipo niliona jinsi miaka miwili ilivyopita. Ni kama homa inayopanda usiku na kushuka alfajiri. Ukifika zahanati huna joto, unaambiwa urudi nyumbani. Gari lilikuwa linaumwa juu na kutibiwa chini, na kila aliyelitibu alikuwa anamtazama mgonjwa aliyekwisha kupona njiani. Mimi nilikuwa nimelitibu kutoka mbali zaidi, kwenye joto la Dar es Salaam.

Fundi alipendekeza njia ambayo wengi huitumia, kuweka swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi ipeleke umeme kwenye hita moja kwa moja. Baba mdogo alikataa. Gari lina deiwaka wakati mwingine, akasema, na deiwaka akibanwa na baridi ataishikilia swichi mpaka ncha za hita ziungue. Ncha ikikatika ikaangukia kwenye silinda, umenunua injini. Mimi, ambaye siwezi kukaa bila kutoa jibu, nikanunua rilei ya hita kwa shilingi 40,000. Ilikuwa kubahatisha kwa tatu. Kesho yake alfajiri gari halikuwaka.

Usiku huo nilisoma. Masomo yangu ya uzamili hayahusiani na injini hata kidogo, lakini nilikuwa na kitabu cha ufundi cha injini za L kwenye simu, na mchoro wa umeme ni lugha kama nyingine. Kitu kimoja kilinishtua. Hita haziwashwi na funguo tu. Kuna kisanduku kidogo kinachopima muda, na kisanduku hicho huuliza kwanza, maji ya injini yana joto gani? Sensa iliyo kwenye njia ya maji ndiyo inayojibu. Maji yakiwa baridi, kisanduku kinaziacha hita ziwake kwa muda mrefu. Yakiwa ya moto, kinakata umeme mara moja, kwa kuwa hakuna haja.

Tulihitaji siku ya baridi kuliko zote, na kwetu siku hiyo inajulikana. Wengi wa Pare Kusini ni Wasabato, tangu wamisionari wa Kiadventista walipofika kutoka Ujerumani mwaka 1903. Baba mdogo huliegesha gari Ijumaa kabla jua halijazama na haligusi mpaka Jumapili alfajiri. Injini inalala saa thelathini na sita. Ndiyo maana Jumapili ilikuwa mbaya siku zote, na ndiyo maana ajali ile ilikuwa Jumapili. Ratiba ya ugonjwa ilikuwa mbele ya macho yetu, hakuna aliyeisoma.

Jumamosi, jua lilipozama, Baba mdogo aliniletea kopo la Blue Band. Ndani mlikuwa na hita plagi zote alizowahi kuzitoa, maana hatupi kitu. Nilichukua betri na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Ukiunganisha balbu kutoka chanya ya betri hadi kichwa cha plagi, na mwili wa plagi ukagusa hasi, balbu ikiwaka basi waya wa ndani haujakatika. Zilikuwa nane, seti mbili. Saba ziliwaka. Tulikuwa tumezika walio hai. Baba mdogo alizihesabu kimya kimya, akazirudisha kwenye kopo moja moja.

Jumapili saa kumi na moja, pumzi zetu zilikuwa zinatoka kama moshi. Gari safari hii lilikuwa limeegeshwa uwanjani, kwenye tambarare, kwa amri yangu. Tukainua kiti cha mbele, maana injini ya Hiace iko chini yake. Konda alishika tochi. Nilifunga balbu yangu kwenye ukanda wa chuma unaopeleka umeme kwa hita zote nne, waya wa pili nikaugusisha kwenye mwili wa injini.

"Washa, baba. Usipige stata."

Rilei ikalia *ta*. Balbu ikawaka. Kabla sijasema neno, *ta* ya pili, balbu ikazima.

"Rudia."

Ikawa vile vile. Haikufika hata sekunde moja.

"Taa ya kwenye dashibodi nayo inazimika haraka," Baba mdogo akasema. "Siku zote nilijua ni dalili ya uzima."

Hata mimi ningedhani hivyo. Lakini kwenye baridi ile taa ilipaswa kukaa. Kwa hiyo hita zilikuwa nzima, rilei ilikuwa nzima, hata ile ya zamani. Kuna aliyekuwa anakiambia kisanduku kwamba injini ni ya moto.

Nikaichomoa sensa. Sensa ikiwa nje, kisanduku kinapaswa kudhani kuna baridi ya kutisha na kuziacha hita ziwake. Nikasema, "Washa." *Ta, ta.* Hakuna kilichobadilika. Nilikaa pale nimeinama, mgongo unauma, nikihisi lile jibu langu la nne likiyeyuka. Kisha konda, ambaye alitoka shule darasa la saba na ambaye sikuwa nimemwuliza chochote tangu tuanze, akasema, "Dada, si uongo unatoka njiani?"

Alikuwa sahihi. Kama sensa imetolewa na bado kisanduku kinasikia "moto", basi anayesema si sensa, ni waya. Tukaufuata kwa tochi. Nyuma ya injini, mahali unapopita karibu na bano la chuma, kibanio chake hakikuwepo. Huenda kilisahaulika gasketi ya silinda hedi ilipobadilishwa, miaka miwili iliyopita. Waya ulikuwa umesuguana na chuma mpaka plastiki ikaisha na shaba ikalala juu ya injini. Kwa sensa ya aina hii, joto likipanda ukinzani unashuka. Waya ukigusa chuma, ukinzani ni sufuri, na kwa kisanduku hiyo ni injini inayochemka. Kila alfajiri, kwenye ukungu wa Mbaga, gari lilikuwa likiamini kwamba liko Same, saa nane mchana.

Konda alichana kipande cha boksi, akakichomeka kati ya waya na chuma. Nikairudisha sensa mahali pake. "Washa, baba."

*Ta.* Balbu ikawaka, ikabaki inawaka. Hakuna aliyepumua. Mwanga wake ulitosha kuonyesha uso wa Baba mdogo akiwa ameshikilia funguo. Taa ya dashibodi ilipozimika, akapiga stata. Injini ikazunguka mara mbili, ikashika.

Tulizungushia waya tepu ya umeme, tukaufunga mbali na chuma. Kazi yote haikuzidi dakika kumi. Baba mdogo alicheka, kisha akaacha kucheka, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa gari. Nadhani alikuwa anahesabu pesa, lakini alichosema ni, "Miaka miwili nawateremsha watu bila breki."

Sikuwa na la kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba hakujua. Lakini mimi niliyempelekea jibu kutoka mbali, pamoja na risiti, sikuwahi hata kumwuliza linakataa siku gani, saa ngapi, mahali gani. Maswali hayo matatu hayahitaji chuo. Konda angeyajibu yote kama kuna mtu angemwuliza.

Siku hizi gari linalala uwanjani. Jiwe bado linawekwa mbele ya gurudumu, kwa mazoea tu. Ndani ya boksi la dashibodi kuna daftari la kurasa arobaini, mwandiko wa konda: tarehe, kilichobadilishwa, na gari lilikuwa wapi lilipokataa.

Nilipoondoka Agosti, tulimpita yule mama karibu na Mwembe, mtoto mgongoni. Baba mdogo alipunguza mwendo, akafungua kioo, akamwamkia. Akamwambia gari limepona. Mama aliitikia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akasema amekaribia kufika. Hakuwa amekaribia. Baba mdogo hakumshawishi. Alipandisha kioo, akaendesha taratibu sana mpaka tukamwacha mbali nyuma, vumbi lisimfikie.