Lala Ng'ambo ya Bandari

Mpwa wangu alikwenda Malta kusomea sheria za bahari, katika chuo kilichoanzishwa huko mwaka 1988 na Shirika la Kimataifa la Bahari. Wiki yake ya kwanza alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Watu wa huku wanahesabu sitta, sebgħa, disgħa. Alhamisi wanaiita il-Ħamis. Njoo usikie mwenyewe." Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimelelewa na babu mvuvi, na sikuwahi kufikiri kwamba wako Wakatoliki wa Ulaya wanaomwita Mungu Alla, na mfungo wao wa Kwaresima wanauita Randan. Nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Nilikwenda mwezi wa Oktoba, na nikaanza kwa kukosea. Niliamini kwamba anayetaka kuona bandari za boti za kifahari sharti alale jirani na boti zenyewe. Nikachukua chumba upande wa St Julian's, dirisha linatazama maji na milingoti. Usiku muziki haukukoma mpaka alfajiri. Jioni ya pili niliingia mkahawa mmoja wa gatini. Mhudumu akaniletea samaki wabichi kwenye sinia, nikamwonyesha mmoja kwa kidole. Sikuuliza uzito. Huko samaki mzima huuzwa kwa kilo, na hesabu iliyokuja ilikaribia kodi ya chumba changu. Babu hakununua hata dagaa bila kuuliza bei. Iliniuma, kwa sababu nilijua vizuri kwa nini sikuuliza: niliona haya. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu waliovaa saa za dhahabu, nikaogopa kuonekana mtu wa kuuliza bei.

Mpwa wangu aliponisikiliza hakucheka. Akasema, "Mjomba, hamia ng'ambo."

Ng'ambo ni Birgu. Ukiwa Valletta, unaingia bustani ya Upper Barrakka, iliyo juu ya ukuta wa ngome, na Bandari Kuu yote inakuwa chini yako. Ipo lifti inayokushusha takriban mita 58 hadi karibu na maji. Pale gatini wanangoja wenye dgħajsa, mashua nyembamba ya mbao, tezi na omo zimeinuka, rangi zake kali. Jina hutamkwa "daisa". Zamani walisimama wakipiga makasia. Siku hizi nyingi zina injini ndogo. Nahodha alituhesabu tukipanda, na alipofika kwangu akasema "sitta." Nikaitika kama niliyeitwa kwa jina. Nauli ya kuvuka hadi Birgu ilikuwa euro 2.

Nilipata chumba katika nyumba ya mawe ya mama mmoja mjane, kwenye kichochoro kisichopitisha gari. Kwa fedha ya usiku mmoja wa kule nililala siku tatu. Ukutani alikuwa ametundika neno Merħba, maana yake karibu. Nilipolisoma mdomo wangu ulitaka kusema marahaba, na kwa kweli ni neno lile lile, limesafiri kaskazini kwake na kusini kwetu.

Kulipokucha nilitoka kutazama boti, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo mtu wa pwani yetu hawezi kulipita. Bahari ile haipwi. Kwetu Unguja, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Ngalawa hulala ubavu mchangani, na mvuvi anapanga safari, mlo na usingizi kwa kufuata maji. Malta kupwa na kujaa hakufiki hata nusu mita. Ndiyo maana boti zao zinaweza kufungwa tezi ikigusana na gati, bega kwa bega, kamba fupi, na ubao wa kushukia ukabaki palepale asubuhi na jioni. Nilikaa nikifikiri: bahari iliyonilea ilinifundisha kungoja. Hata tajiri wa Unguja akitaka kushuka wakati maji yamekupwa, atakunja suruali atembee matopeni kama mimi. Pale Birgu mtu anatoka kitandani anakanyaga gati, hakuna anachokingoja. Ni raha, siikatai. Lakini nilielewa kwa nini mtu anaweza kukaa kando ya maji miaka mingi asijue mwezi umefikia wapi.

Katika hori la Birgu zamani yaliegeshwa majahazi ya makasia ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, waliofika Malta mwaka 1530. Makasia hayo yalivutwa na watumwa na wafungwa waliofungwa minyororo, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini. Utumwa ulipigwa marufuku kisiwani mwaka 1798, Napoleon alipofika. Mzanzibari hawezi kusikia habari hiyo akaendelea kupiga picha. Sisi tuna Mkunazini. Soko la watumwa la hapo lilifungwa mwaka 1873. Nilisimama mbele ya boti moja nyeupe kama yai, kijana amepiga magoti anasugua pembeni mwake kwa kitambaa, na nikakaa namtazama yeye kuliko boti. Analipwa, yuko huru, si sawa na wale, wala sitaki kufananisha. Ila uzuri wa bandari yoyote umo katika mikono ya mtu aliyeinama, na mimi siku mbili za mwanzo nilikuwa sijamwona hata mmoja.

Tangu hapo nilikula walikokula vijana wa kusugua boti. Asubuhi ni pastizzi, mkate wa majani membamba uliojazwa jibini laini au njegere zilizopondwa, unauzwa kwa bei ndogo, na chai ya maziwa kwenye glasi. Kwa Mwislamu: uliza kwanza, maana baadhi ya waokaji hutumia mafuta ya nguruwe. Wengi wanajibu kwa uungwana. Mchana ni ħobż biż-żejt, mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, ukatiwa samaki jodari. Msimu wa samaki aitwaye lampuki huanza Agosti na kuendelea hadi Desemba. Mama mwenye nyumba aliniokea mmoja ndani ya unga, na mezani hapakuwa na suala la kilo. Ijumaa tulisali kwenye msikiti wa Paola, si mbali na hapo. Siku yenyewe wanaiita il-Ġimgħa.

Jumapili nenda Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi upande wa kusini, soko la samaki likiwa wazi. Utaziona luzzu, mashua za samawati, manjano na nyekundu, kila moja imechongwa macho mawili kwenye omo. Niliposimama mbele yake nilikumbuka majahazi ya Lamu, na mitepe ya zamani, nayo yenye macho omoni. Mvuvi mzee alikuwa anashona wavu. Nilimwonyesha picha ya jahazi la Lamu kwenye simu. Akaitazama kwa muda, akaligusa jicho kwa kidole chenye magamba, kisha akarudi kwenye wavu wake bila neno.

Ya kutazama ni mengi, na mengine nitayapita upesi. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana, Valletta, lina picha kubwa ya Caravaggio ya mwaka 1608, ya pekee aliyoitia saini. Birgu ipo Ngome ya St Angelo, iliyostahimili mzingiro wa Waturuki mwaka 1565. Senglea, ng'ambo ya hori la Birgu, upo mnara mdogo wa ulinzi uliochongwa jicho na sikio. Mama mwenye nyumba alipenda zaidi kusimulia tarehe 15 Agosti 1942, wakati wa vita, meli ya mafuta Ohio ilipoingizwa bandarini ikiwa nusu imezama, imefungwa katikati ya manowari mbili, watu wamejaa kwenye kuta wakilia. Kati ya meli 14 za mizigo za msafara aliokuwamo Ohio zilifika 5. Yeye alisimuliwa na mama yake, na alisimulia kana kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwa ukutani.

Siku yangu ya mwisho ilianguka Jumamosi ya kuanza Rolex Middle Sea Race, mashindano ya mashua za tanga yaliyoanza mwaka 1968, maili za baharini 606 kuizunguka Sicily. Mizinga ya Valletta ndiyo inayotoa ishara. Mimi na mpwa wangu tulipanda kwenye ukuta tangu mapema. Kulia kwetu alikaa mzee na wajukuu wanakula pastizzi, kushoto wafanyakazi wa gati na nguo zao za kazi. Mzinga ulipolia, matanga yakajaa, na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyelipa. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kutazamia kuliko pale ukutani, na hata tajiri mwenye boti haoni boti yake ikitoka hivyo.

Nilirudi Unguja na jambo moja linalonikaa moyoni. Kwenye gati la Birgu mtu yeyote anapita kwa miguu, mtoto na baiskeli yake, bibi na mbwa wake, hatua mbili tu kutoka boti za mamilioni. Pwani yetu nayo inaanza kujengewa gati za boti za kifahari na hoteli. Ninyi mnaotia saini michoro hiyo, nawaomba: acheni njia ya miguu kando ya maji, na kiti cha mtu mwenye bei ya urojo tu mfukoni.