Sukari ya bibi na pakiti za juisi

Nyumbani kwetu tuko kumi, na bibi ana ugonjwa wa sukari tangu tulipokuwa Fizi. Kwa hiyo habari za sukari tunazizungumza kila siku, mpaka na majirani.

Ubishi mkubwa ni zile pakiti ndogo za juisi ya unga. Wengine wanasema, "Hazina sukari hizo, mpeni bibi, wapeni na watoto." Sisi tunasoma kwanza nyuma ya pakiti. Utapata utamu wa bandia: aspatemu, sakarini, ao namba tu, E951, E954. Kweli, huo haupandishi sukari ya damu kama sukari yenyewe. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Israeli walijaribu kwa watu 120 wenye afya, wiki mbili. Vijidudu vya tumboni vikabadilika, na baadhi ya waliopewa sakarini na sukralozi, miili yao ikashindwa kuimudu sukari vizuri kama mbele. Mwaka 2023 WHO ikashauri watu wasitumie utamu huo kwa kupunguza unene. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari, basi ya bibi tunamuuliza muuguzi. Watoto wetu wanakunywa maji, hata wakinuna.

Soda nayo tusiisifu. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, vijiko vya chai 7 ao 8, na inaingia damuni mbio. Maharage (tumeyachoka, ndiyo!) yanakwenda polepole. Nyuzinyuzi zake zinafika utumbo mpana, vijidudu vizuri vinazila, tumbo linapata nguvu. Sombe vilevile.

Sasa jambo ambalo majirani wanalishangaa: chini ya kitanda cha bibi kuna kopo la sukari ya kweli. Bibi anachoma insulini. Siku chakula kikichelewa, sukari yake inashuka: anatetemeka, jasho linamtoka, anaongea ovyo. Hapo juisi ya utamu wa bandia haimsaidii hata kidogo. Tunakoroga vijiko 3 ao 4 vya sukari katika maji, anakunywa kama bado anaweza kumeza, tunangoja dakika 15, kisha tunampa chakula. Akishindwa kumeza hatumlazimishi, ni mbio hospitali. Watoto wote wanajua kopo liko wapi, na wanajua si la chai.