Sekunde tano za Breanna zilinipeleka kwa shoga yangu

Mpenzi msomaji, kama umewahi kufumaniwa na mama yako mzazi alfajiri, umejifunika shuka gubigubi, unalia na simu mkononi, basi wewe ni mwenzangu. Kama hujawahi, vuta kiti nikupe mkasa.

Bi mkubwa alikuwa ameamka kuswali. Aliposikia kwikwi chumbani kwangu akasukuma mlango bila hodi.

"Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu.

"Basi mwanamume gani huyo anayekuliza saa hizi?"

Nikasema si mwanamume, mama, ni kikapu. Wanawake wa New York wamesawazisha. Loo! Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa, akafunga mlango taratibu, akaenda zake.

Ilikuwa Jumatatu, Oktoba 21, 2024. Kule Brooklyn ilikuwa bado Jumapili usiku, maana wakati ule sisi tuko mbele yao kwa saa saba. Wao walianza mechi saa mbili usiku, mimi nikaianza saa tisa usiku, bando limejaa, chaji imejaa, sauti nimeibana isije ikaamsha nyumba.

Mtaani kwetu ukitaja kikapu watu wanamkumbuka Hasheem Thabeet, yule kijana wetu aliyechaguliwa wa pili kwenye NBA mwaka 2009. Ukiwaambia kuna wanawake wanalipwa kwa kucheza kikapu, wanacheka. Lakini ligi yao ya WNBA ilianza kuchezwa mwaka 1997, na New York Liberty walikuwemo tangu siku ya kwanza. Tatizo lao lilikuwa moja tu: walikuwa wakifika fainali na kurudi mikono mitupu. Walishindwa 1997, 1999, 2000, 2002 na 2023. Mara tano! Timu ya namna hiyo ukiipenda, umejitakia presha mwenyewe.

Safari hii wamekutana na Minnesota Lynx. Mechi nne zimekwisha, ngoma mbili kwa mbili. Ya tano ndiyo ya kukata mzizi wa fitina, na watu 18,090 wamejaa ukumbini, pamoja na yule tembo wao wa kuchekesha watu, Ellie, na msuko wake mrefu.

Basi bwana, mambo yakaharibika mapema. Liberty waliachwa pointi 12 kipindi cha kwanza. Mitupo ya mbali haiingii hata kwa dawa. Katika mitupo 23 ya pointi tatu waliingiza miwili tu. Sabrina Ionescu, ambaye siku nne kabla aliwamaliza Lynx kwao kwa mtupo wa mbali sana, usiku ule alitupa mara 19 akaingiza mara moja. Nakwambia moja! Mimi ningekuwa yeye ningejisingizia tumbo nikaomba kutoka. Yeye hakutoka. Akawa anawagawia wenzake, na hadi mwisho alikuwa ametoa pasi nane za kufunga.

Upande wa pili Napheesa Collier na Kayla McBride walikuwa wanawaka. Wawili hao peke yao walifunga pointi 43.

Zikabaki sekunde 5.2. Lynx 60, Liberty 58. Breanna Stewart akachezewa rafu akienda golini. Kocha wa Lynx, Cheryl Reeve, akapinga, marefa wakaenda kutazama picha, wakarudi na uamuzi uleule: mitupo huru miwili. Baada ya mechi kocha yule alisema waziwazi kwamba wameibiwa. Mashabiki wake mpaka leo wanasema hivyo, na siwezi kuwalaumu, hata mimi ningesema.

Sasa sikiliza kilichoniliza. Siku kumi nyuma, kwenye mechi ya kwanza, Stewart huyohuyo alisimama kwenye mstari uleule wa uwanja uleule, zimebaki sekunde 0.8. Wa kwanza akaingiza wakawa sare. Wa pili, ambao ungewapa ushindi, akakosa. Liberty waliokuwa wakiongoza kwa pointi 18 wakafungwa 95 kwa 93 kwenye muda wa nyongeza. Stewart ni mtoto wa Syracuse, jimbo hilohilo la New York, amekuja kuwaletea kikombe watu wa kwao, halafu amekosa mbele ya macho yao.

Na sasa yuko palepale tena. Usiku ule amekwishatupa vibaya, vinne tu vimeingia katika 15.

Nilifumba macho. Kelele zikaniambia wa kwanza umeingia. Wa pili nikajilazimisha kutazama. Ukaingia. Sitini kwa sitini. Hapo ndipo mama aliponikuta.

Msomaji, mimi sikulilia New York. Nililia ya kwangu.

Mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne, tulikuwa na timu ya wasichana hapa mtaani. Jezi tulishonewa kwa mkopo, goli moja lilikuwa halina wavu. Nahodha alikuwa shoga yangu wa chanda na pete, tumekaa ukuta kwa ukuta tangu tunacheza kombolela. Baba yake hakupenda. Alimwambia nitakuachia mpaka fainali ya mashindano haya, mkishinda tutazungumza, mkishindwa unaacha unakwenda kukaa dukani. Siku ya fainali mzee mwenyewe akaja, kavaa kanzu, kasimama pembeni ya uwanja, mikono nyuma.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, dakika imekwisha, mimi nikapewa mitupo huru miwili. Mmoja tungekuwa sare. Miwili tungechukua mbuzi wetu.

Nilikosa yote miwili. Wa pili haukugusa hata chuma.

Shoga yangu alinijia mbele za watu akaniambia, "Umetuuza." Neno hilo likakaa mtaani wiki nzima. Wengine wakasema nimehongwa simu. Simu yenyewe niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa imefungwa kwa raba! Yeye akaacha mpira kama baba yake alivyosema, akaenda dukani, baadaye akaolewa, akazaa, ndoa ikamshinda akarudi kwao. Mimi mpira nao sikuugusa tena. Miaka mitano tulikuwa tunapishana uchochoroni kila mtu anatazama miguu yake. Mama alijua, lakini wakubwa wana mambo yao, hakuuliza.

Nikarudi kwenye simu. Katika muda wa nyongeza walioibeba Liberty si wale wenye majina makubwa. Mjerumani Leonie Fiebich akafunga wa mbali. Nyara Sabally, ambaye baba yake ni Mgambia na mama Mjerumani, naye akatia lake. Alitokea benchi na kumaliza na pointi 13. Lynx walipata pointi mbili tu. Ikaisha 67 kwa 62. Mchezaji bora wa fainali akatangazwa Jonquel Jones wa Bahamas, ambaye alikwishafungwa fainali tatu, mbili akiwa Connecticut Sun na moja akiwa Liberty. Stewart akawa analia, Sabrina wa moja kati ya 19 naye bingwa vilevile, na tembo anacheza ngoma.

Jua lilipopanda nikanawa uso, nikavaa kanga, nikatoka. Shoga yangu siku hizi anakaanga mihogo nje ya kwao asubuhi. Nilikuta wateja watatu. Nikasubiri waishe, moyo unanienda kuliko wa Stewart.

Nikamwambia, "Dada, nimekuja kwa ajili ya ile mitupo."

Hakuuliza mitupo gani. Aligeuza mihogo kwanza. Kisha akasema, "Mechi ile mimi nilikosa magoli sita ya chini ya goli. Sita! Hukuyahesabu?"

Wallahi sikuwahi kuyahesabu. Miaka mitano nilikuwa nimehesabu miwili yangu tu.

"Sasa kwa nini uliniambia nimewauza?"

"Kwa sababu baba alikuwa ananitazama," akasema. "Nilitaka aone kosa si langu."

Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Mafuta yakawa yanachemka peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa, kumbe hata yeye alikuwa na deni la kulipa, na wote wawili tumelikalia mpaka likazaa riba. Sikumwambia si neno, maana lilikuwa neno. Nilimwambia tu liliniuma. Akasema anajua, alikuwa ananiona nikipita.

Halafu akanifungia mihogo ya mia tano, pilipili nyingi kama zamani, akakataa hela. Nikamsimulia habari za Brooklyn, akacheka sana aliposikia moja kati ya 19. "Huyo ndiye wa timu yetu," akasema.

Jumamosi ile, saa kumi jioni, tulikwenda uwanjani. Mtoto wake alibaki na bibi yake, na mzee wa kanzu alituona tukipita na mpira hakusema kitu. Goli bado halina wavu. Shoga yangu alinipa mpira akanisimamisha kwenye mstari, akaanza kuhesabu kwa sauti.

Nilitupa kumi, nikaingiza minne. Yeye aliingiza mitatu. Watoto wa mtaani walituzomea mpaka giza likaingia, na tukasema kesho tunarudi.

Nawe msomaji, kama kuna mtu mnapishana uchochoroni mnatazama miguu, usisubiri fainali ya Marekani ikuamshe. Bando lenyewe ghali. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.