Mililita Nne Asubuhi, Mililita Nne Jioni



Wapendwa waamini, wiki hii mama mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo hapa Iyunga ameniuliza swali ambalo nadhani si lake peke yake. Mwanawe wa miaka minne ana kifafa. Tumemwombea, tumembariki, naye bado anakunywa dawa kila siku. "Baba Paroko," aliniuliza, "kuendelea kumpa dawa si sawa na kumwambia Mungu kwamba sina imani?" Ameniruhusu kuandika habari hii pasipo kumtaja jina.

Swali hilo halikutoka hewani. Mwaka jana alialikwa kwenye mkutano wa uponyaji, si wa kanisa letu, akaambiwa kwamba mtoto amekwisha kupona na kwamba chupa ya dawa ni kizuizi. Akaiweka kando. Usiku wa nne mtoto alianguka, akakakamaa, akatetemeka, na haikukoma mpaka walipofika hospitali wakiwa kwenye bajaji ya jirani. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla huweza kuleta hali hiyohiyo: mshtuko mmoja unaunganika na mwingine, na mtoto anaweza kufa. Hata daktari anapoamua kuisimamisha, huipunguza kidogo kidogo kwa wiki au miezi.

Ugonjwa wenyewe una jina refu, tuberasi sklerosisi, nami nililisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa mama huyu, ambaye aliishia darasa la saba na hulitamka bila kujikwaa. Ni ugonjwa adimu wa vinasaba. Humpata mtoto mmoja hivi kati ya 6,000 wanaozaliwa. Daktari Mfaransa Bourneville aliueleza mwaka 1880, lakini vinasaba viwili vinavyohusika vilitambuliwa mwaka 1993 na mwaka 1997. Kazi yake ni mithili ya breki: huzuia chembe za mwili zisikue ovyo. Breki ikiharibika, vivimbe huota katika ubongo, ngozi, figo na moyo. Kwa kawaida si saratani, lakini vile vya ubongo huvuruga mkondo wa umeme wa ubongo, na hapo ndipo mtoto huanguka.

Kwa mtoto huyu ilianza akiwa na miezi mitano. Alikuwa akiinama ghafla na mikono ikitawanyika, kana kwamba anasujudu, mara kumi au ishirini mfululizo. Bibi yake alisema ni chango. Mgongoni alikuwa na mabaka meupe yenye umbo la jani, na hayo wengine waliyasema kuwa ni alama ya uchawi kutoka upande wa baba. Mabaka hayohayo ndiyo yaliyomfungua macho daktari, akaagiza picha ya kichwa.

Hapa naomba mawifi na wakwe wasome polepole. Kwa takriban theluthi mbili ya wenye ugonjwa huu, badiliko la kinasaba limetokea upya kwa mtoto mwenyewe. Hakuna mzazi aliyelibeba. Kwa waliobaki, mzazi amelirithisha bila kujua na bila kutaka, kama anavyorithisha umbo la pua. Hakuna ukoo uliomtupia mtoto huyu chochote. Nasema hivi kwa sababu ndoa ya wazazi wake ilitikisika kwa maneno ya watu kuliko ilivyotikiswa na ugonjwa.

Sasa nije kwenye chupa. Dawa aliyoandikiwa ni ya maji, sodiamu valproeti, yenye miligramu 200 katika kila mililita 5. Hupewa mililita 4 saa moja asubuhi na mililita 4 saa moja jioni. (Hicho ni kipimo chake yeye, kwa uzito wake; asiwepo wa kumpimia mwanawe kwa kusoma hapa.) Mililita huonyesha wingi wa maji, miligramu huonyesha wingi wa dawa iliyomo ndani ya maji hayo, na chupa mbili zinazofanana rangi zinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa. Kwa hiyo kila chupa mpya inasomwa upya, au mfamasia anaulizwa, hata kama foleni ni ndefu.

Mama hupima kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano. Mwanzoni alitumia kijiko cha chai. Kwa udadisi wangu nilichukua bomba kama lake nikapima vijiko vya jikoni kwetu parokiani: kidogo kabisa kilibeba mililita 3, kikubwa kilikaribia 6. Mpishi alinitazama kwa huruma. Lakini tofauti hiyo, kwa mtoto wa kilo 15, ni tofauti ya kuanguka na kutokuanguka, au ya kusinzia mchana kutwa.

Mililita 8 kwa siku maana yake chupa ya mililita 100 humtosha siku 12 na nusu. Mama huweka alama kwenye kalenda ya kanisa iliyoko ukutani, chini ya majina ya watakatifu, na siku ya kumi huanza kutafuta nauli. Chupa ikikauka, mtoto ameachishwa dawa, hata kama hakuna aliyeamua hivyo.

Kisha ikaja habari ya Uingereza. Shemeji yake anayeishi huko alimtumia picha ya dawa nyingine ya maji, Epidiolex, akamweleza kuwa imetokana na bangi. Habari hiyo ni ya kweli. Dawa hiyo ni kanabidioli iliyosafishwa na kuchanganywa katika mafuta ya ufuta, miligramu 100 katika kila mililita, wala hailevyi. Marekani iliiidhinisha mwaka 2018 kwa aina nyingine mbili za kifafa kikali, na mwaka 2020 kwa ugonjwa huu tunaousema. Katika utafiti wa wagonjwa 224, walioitumia walipungukiwa na mishtuko kwa karibu nusu. Waliopewa kimiminika kisicho na dawa walipungukiwa kwa zaidi kidogo ya robo. Ni msaada, lakini haiponyi ugonjwa wenyewe.

Jirani mmoja alipoisikia alimshauri mama achemshe majani. Jambo hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Bangi ya mtaani ina kile kinacholevya, hakuna ajuaye kipimo chake, na sheria yetu ya mwaka 2015 inaikataza. Na hata ile chupa halisi, kama shemeji angeileta sandukuni, asingeweza kumpa mtoto kwa uamuzi wake: ikitumika pamoja na valproeti inaweza kuliumiza ini, hivyo huhitaji daktari na vipimo vya damu.

Nikirudi kwa swali la imani: Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali, atubu, atoe sadaka, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba tabibu na ndiye aliyeziotesha dawa katika ardhi. Sioni mahali anapomtaka achague kimoja. Na yule baba katika Marko 9, ambaye mwanawe alikuwa akianguka motoni na majini tangu utoto, alimwambia Yesu waziwazi kwamba imani yake ilikuwa na upungufu. Hakufukuzwa. Nilimjibu mama kwamba akipima dawa saa moja asubuhi mkono wake ukitetemeka kwa usingizi, na asali akiwa anapima.

Jambo moja limenihuzunisha. Wakati wa kupeana amani, wapo wanaomvuta mtoto wao asiguswe na huyu. Woga huo ni wa zamani. Huko Mahenge, ambako mwaka 1960 daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa akitumia fenobabitoni, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto kwa sababu watu waliogopa mate yao na hawakuwagusa walipoanguka karibu na jiko. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, usimtie kijiko mdomoni, usimfukize moshi, tazama saa. Zikipita dakika tano, hospitali.

Mama huondoka kabla ya mapambazuko kwenda Mwanjelwa kuchukua ndizi za kuuza, na saa moja asubuhi humkuta njiani. Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili, wanajumuiya watatu walikaa naye ofisini wakajifunza kupima kwa bomba, kwanza kwa maji ya kunywa, mpaka kila mmoja akaifikisha mililita 4 bila kiputo cha hewa. Zamu ya Jumatatu ni ya mwenyekiti wa jumuiya, ambaye aliomba aandikiwe saa hiyo kwa herufi kubwa.